Taya Linapouma: Mazoezi ya Kufanya Kati ya Bobini na Bobini

Kwa miaka mingi meno yangu yalikuwa mkasi wa pili. Nashona sare za shule Uhuru Market, kando ya Jogoo Road, Nairobi, na fundi yeyote wa pale anajua hali inavyokuwa Desemba ikielekea Januari. Jirani ameazima mkasi, kwa hivyo uzi unakatwa kwa meno. Pini nne zimebanwa mdomoni, shingo imeinamia sindano, na mzazi amesimama mlangoni akiuliza kaptura ya mtoto itakuwa tayari saa ngapi. Nikawa naamka asubuhi taya likiwa zito kama niliyekesha nikitafuna miwa. Sikio la kushoto likaanza kuuma, na panja nazo zikafuata. Nikifungua mdomo kuuma andazi, kitu kinapiga "ta!" mbele ya sikio.

Nilikwenda kliniki moja nikang'olewa gego. Gego likaondoka, maumivu yakabaki. Baadaye daktari mwingine wa meno aliweka kidole shavuni, akabonyeza kidogo tu, nami nikaruka kitini. Jino halikuwa na kosa. Kilichokuwa kikiuma ni msuli wa kutafunia uliochoka na kiungo cha taya kilichobebeshwa kazi isiyokwisha. Akanituma kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, katika hospitali ya umma, msichana wa umri wa binti yangu. Swali lake la kwanza sijalisahau.

"Mama, hivi tunavyoongea, meno yako ya juu na ya chini yamegusana?"

Yalikuwa yamegusana. Tena yamebanana.

"Basi mama, tutaanza kwa kulipumzisha taya. Nguvu unazo tayari, na zimezidi."

Mtu akisikia "mazoezi ya taya" hufikiria kutafuna kitu kigumu ili taya lipate nguvu. Ndivyo nilivyofikiri mimi. Kumbe taya langu lilikuwa likifanya mazoezi mchana kutwa na usiku kucha bila ruhusa yangu. Kazi ilikuwa kulifundisha kuacha, kisha kusogea taratibu bila kukwaruzana.

Kabla ya zoezi lolote

Kiungo cha taya kiko mbele tu ya tundu la sikio, kimoja kila upande. Weka vidole hapo, fungua mdomo, utakisikia kikisogea. Ndani yake kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza mdomo unapofunguka. Mlio wa "ta" mara nyingi hutoka pale kisahani kinaporuka kurudi mahali pake. Mlio wenyewe, bila maumivu na bila mdomo kukwama, watu wengi wanao na hauhitaji tiba yoyote. Usihangaike kuufuatilia. Maumivu yanayofaa mazoezi ni yale yanayozidi ukitafuna, ukipiga miayo au ukiongea sana, na ambayo ukibonyeza shavu au panja unayapata papo hapo.

Mazoezi ni tiba saidizi. Huenda sambamba na daktari wa meno, hayachukui nafasi yake. Kuna taya lisilopaswa kuguswa kwa mazoezi hata kidogo. Likiuma pamoja na kifua kubana, jasho baridi, pumzi kukata au maumivu yanayoshuka mkononi, tafuta gari la hospitali upesi, huo unaweza kuwa moyo. Likikaza likakataa kufunguka siku au wiki chache baada ya kidonda au kuchomwa na msumari, laweza kuwa pepopunda, nayo haingoji kesho. Uso ukivimba ukawa moto, ukiwa na homa, usaha au shida ya kumeza, huo ni uambukizi. Ukianguka na bodaboda na tangu hapo meno hayakutani sawasawa, piga picha ya eksirei kwanza. Mdomo uliokwama wazi, au uliokwama umefungwa, usiulazimishe. Uvimbe usioisha, shavu lenye ganzi au mwili kupungua bila sababu, vyote ni vya daktari. Aliyepita miaka 50 akipata maumivu mapya ya kichwa, ngozi ya kichwa inamuuma akichana nywele na macho yanafifia, aende siku hiyohiyo. Na jino linalochoma kila unapokunywa chai moto, hilo ni jino, mpelekee wa meno.

Nairobi hatukosi pa kuuliza. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina madaktari wa meno na wataalamu wa fiziotherapia, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali yake ya meno. Uliza pia katika hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe.

Kwa wale wanaotaka kujua kama haya ni maneno ya vibarazani tu: mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu ya taya yaliyokawia. Mazoezi ya taya na ya mkao yanayosimamiwa na mtaalamu yaliwekwa kwenye kundi la mambo yanayopendekezwa sana, pamoja na kumwelimisha mgonjwa na mazoezi ya nyumbani. Upasuaji wa kuondoa kile kisahani ulikataliwa vikali. Mimi ningeuliza mara tatu kabla ya kukubali kisu, na mara mbili kabla ya kukubali koleo.

Hatua ya 1: Pima

Fundi hakati kitambaa kabla ya kupima. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo kadiri unavyoweza bila maumivu, kisha ingiza vidole vitatu vikiwa vimesimama: cha shahada, cha kati na cha pete. Watu wengi wazima huvipitisha vitatu. Mwenye rula apime kati ya ncha za meno ya mbele ya juu na ya chini. Kuanzia milimita 40 hivi ni kawaida. Mimi nilianza na 29, vidole viwili vya shida. Andika namba na tarehe, na karibu yake andika maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Tazama pia kama kidevu kinashuka moja kwa moja au kinapinda kwenda upande. Changu kilipinda kushoto kama mkono wa blauzi ulioshonwa usiku stima zimepotea.

Hatua ya 2: Mfundishe ulimi nyumbani kwake

Hili ndilo zoezi lenyewe. Ukiacha mengine yote, usiache hili.

Anza kutamka neno "nne", lakini ubaki kwenye ile "nnn". Ulimi umegusa kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu, bila kuyasukuma. Hapo ndipo nyumbani kwake. Sasa funga midomo polepole na uache meno yaachane kidogo, unene wa kadi ya simu ukitosha. Pumua kwa pua. Midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi juu. Yule binti alinifanya niyaseme hayo mara tano kama mtoto wa nasari.

Sababu yake ni hii. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu, na kwa siku nzima muda huo wote ukijumlishwa haufiki hata nusu saa. Mtu anayebana meno akiwa kazini huongeza saa nzima nzima juu yake. Hakuna msuli wa mwili utakaovumilia hilo. Shika ngumi uikaze tangu asubuhi hadi saa saba uone.

Shida ni kukumbuka, maana meno hubanana yenyewe bila mtu kujua. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa cherehani. Kila jicho likikiona, najiuliza: yamegusana? Siku ya kwanza jibu lilikuwa ndiyo karibu kila mara. Niligundua nabana hasa ninapotunga uzi kwenye sindano, tena huku nimeshikilia pumzi. Nabana nikiwa kwenye matatu dereva anapopanda ukingo wa barabara. Nabana Julai, ile baridi ya asubuhi inapokunja mabega hadi masikioni. Nabana mteja anaposema, "Lakini yule wa pale juu anafanya bei ya chini." Wewe tafuta alama yako: kibandiko kwenye simu, kwenye usukani, kwenye mlango wa friji. Ipe wiki nzima kabla ya kuanza mengine.

Usiku hatujitawali. Anayesaga meno usingizini amwambie daktari wa meno, ambaye anaweza kumtengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa akilala. Ila mchana ni wetu.

Hatua ya 3: Joto na kukanda

Chovya kitaulo kwenye maji ya moto, kikamue, jaribu joto lake kwa ndani ya mkono, kisha kiweke shavuni na panjani dakika 15. Kikipoa, rudia. Kama uso umevimba na una joto lake, usikande. Hilo tumekwisha kulisema.

Baada ya joto, tafuta msuli. Uma meno mara moja tu, polepole, huku vidole viko shavuni chini ya mfupa. Kinachotuna ndicho. Achia, kisha ukande kwa ncha za vidole viwili, mizunguko midogo, ukishuka kuelekea pembe ya taya. Dakika mbili zatosha. Halafu panja, vivyo hivyo. Nguvu iwe ile ya kujaribu kama parachichi limeiva, si ile ya kulimenya.

Hatua ya 4: Kufungua kwa mpango

Kaa wima mbele ya kioo. Ulimi nyumbani kwake. Weka kidole kimoja mbele ya kila sikio. Fungua mdomo polepole huku ulimi ukibaki umegusa kaakaa, na ukome pale unapohisi ulimi unataka kubanduka. Funga polepole, meno yasigongane. Ulimi hapa ni kama breki: unaizuia taya kuruka mbele na kupiga ule mlio. Angalia kidevu kishuke kwa mstari mmoja. Kikianza kupinda, rudi nyuma, anza tena ukifungua kidogo kuliko mwanzo. Mara sita.

Mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Chile, Mariano Rocabado, alipanga mazoezi ya aina hii kwa hesabu rahisi: mazoezi sita, kila moja mara sita, mara sita kwa siku. Hesabu ni nzuri kwa sababu haisahauliki. Mimi mara sita kwa siku ilinishinda, nikaifunga kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani: uzi wa bobini ukiisha, kabla ya kuijaza upya, nafungua mdomo mara sita. Siku ya kazi nyingi hata saba zinapita.

Hatua ya 5: Kushindana na kidole

Usifike hapa kabla hatua ya 4 haijaacha kuuma.

Weka kidole gumba chini ya kidevu. Fungua mdomo upana wa kidole kimoja huku gumba likizuia kidogo, taya lisisogee. Hesabu hadi sita, achia. Kisha weka kiganja kwenye upande wa kulia wa taya, sukuma taya kulia dhidi ya kiganja, lisisogee. Hesabu sita. Upande wa kushoto vilevile. Mara sita kila moja. Misuli inafundishwa kushika taya katikati, hakuna mashindano. Ukiona uso unakunjamana kwenye kioo, umezidisha.

Hatua ya 6: Kunyoosha, kwa aliyefungika tu

Hatua hii ni ya yule ambaye vidole vitatu havipiti kwa sababu msuli umekaza. Kama mdomo wako unafunguka vizuri, au unafunguka kupita kiasi hadi taya hutaka kutoka mahali pake, iruke. Kama ulikwama ghafla, mwone mtaalamu kwanza, usijaribu peke yako.

Baada ya kitaulo cha moto, weka gumba kwenye meno ya juu ya mbele na kidole cha shahada kwenye ya chini, vikipishana kama mkasi. Vitenganishe taratibu hadi uhisi kuvutwa, si kuumia. Kaa hapo sekunde 10 hadi 15, pumua, achia. Mara tatu, asubuhi na jioni. Osha mikono kabla, hasa kama umetoka kuhesabu noti.

Kanuni ya maumivu ni moja kwa hatua zote. Uchovu mdogo unaopoa ndani ya saa moja ni wa kawaida. Maumivu makali kama kisu, acha papo hapo. Kesho yake ukiamka umezidiwa, punguza nusu, usiache kabisa.

Shingo, na njia ya Jogoo Road

Sikutarajia kutumwa kwenye shingo nilipokwenda na taya. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne au tano. Kikikaa juu ya mabega, shingo hukibeba bila manung'uniko. Kikitangulia mbele, misuli ya nyuma ya shingo hukivuta mchana kutwa, na ya chini ya kidevu huvuta taya nyuma. Fundi, dereva, mwanafunzi na simu yake, wote tumeinama.

Kaa wima, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja kama unayekwepa kijiko cha dawa, bila kuinua wala kuinamisha uso. Shika kwa hesabu ya tano, achia. Mara sita. Kisha bana mafupa ya mabega pamoja kwa nyuma, shika, achia. Mara sita. Niliinua pia kiti changu kwa mto wa mabaki ya vitambaa nisizame chini ya meza, na nikaacha kubana simu kati ya sikio na bega. Hilo la simu lilinisaidia upesi kuliko nilivyodhani.

Halafu kutembea. Yule binti aliposema nitembee nilidhani ananidanganya, taya na miguu wapi na wapi? Lakini mwendo wa haraka hutuliza mwili mzima: usingizi unakuwa mzito, mawazo yanapungua, na hata mwili wenyewe hupunguza ukali wa maumivu unayoyahisi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea ukienda lakini huwezi kuimba. Nikawa nashuka matatu City Stadium asubuhi na kumalizia kwa miguu. Anayekaa karibu na msitu wa Karura au bustani ya Arboretum ana bahati yake, sisi tunapishana na mikokoteni. Njiani uliza lile swali: yamegusana? Wanaonyanyua vyuma jimu waulize zaidi, kwani wengi huinua kwa meno.

Chakula

Wiki mbili tatu za mwanzo lipunguzie taya mzigo: mahindi choma, miwa, mutura mkavu, mifupa ya nyama choma na chingamu vikae kando. Githeri ipikwe hadi ilainike. Nyama ikatwe vipande vidogo, tafuna pande zote mbili. Maembe na maapulo yakate kwa kisu, usiyaume mazima. Lakini usiishi kwa uji. Taya lisilotafuna kabisa hukakamaa, kwa hivyo ugali, ndengu, samaki na sukuma wiki vipo.

Miraa na muguka nitavitaja kwa sababu watu hawapendi kuvitaja. Mtu anayetafuna saa tano mfululizo, upande mmoja, halafu analalamika taya, ana jibu shavuni. Hakuna zoezi litakaloshinda hesabu hiyo.

Miayo nayo ina adabu yake: ikikujia, weka ulimi kwenye kaakaa au ngumi chini ya kidevu ili mdomo usipanuke hadi mwisho.

Muda wake

Mimi wiki mbili za kwanza sikuona kitu isipokuwa kwamba nilijua nabana. Wiki ya tatu asubuhi zikawa nyepesi. Pima kila Jumapili, si kila siku, utajikatisha tamaa. Ukifika wiki ya sita na namba hazijasogea, au zimerudi nyuma, rudi kwa aliyekutuma na daftari lako. Daftari humwambia mengi kuliko "bado inauma, daktari." Dawa za maumivu kwa siku chache mfamasia au daktari anaweza kukuelekeza, ila kuzimeza mwezi mzima ili uendelee kubana meno ni kuchezea tumbo na figo.

Jumapili iliyopita nilipima milimita 41. "Ta" bado ipo nikiuma andazi kubwa, lakini haiumi, tumezoeana. Pini siku hizi nazichoma kwenye kijimto nilichojifunga kifundoni mwa mkono, na mkasi mdogo unaning'inia shingoni kwa kamba. Jirani akitaka kuuazima, sharti aje akatie uzi wake hapa.